Rangi ya Mawese

Nilitumwa Ujiji na kopo la rangi nyekundu,
brashi ya inchi mbili, futikamba,
na ramani iliyokunjwa mara nane.
Ramanini makazi ni njano, biashara ni nyekundu,
na njano na nyekundu hazigusani,
kama mashemeji waliogombana msibani.

Nyumba ya kwanza kuchorwa X ilikuwa ya Bi Mwavita Feruzi.
Kanuni inataka mita tano toka njiani.
Nikavuta kamba, kamba haikupata pa kwenda:
baraza lake ndilo ukingo wa njia,
juu ya baraza cherehani,
chini ya cherehani mtoto amelala
kwenye mabaki ya vitenge.
“Pima,” akaniambia, pini midomoni.
“Ukimaliza, nipimie na hili:
toka hapa hadi kwa muuza mkaa ni hatua ngapi?”

Nikacheka. Kisha nikahesabu.
Kumi na tisa.
Bombani, arobaini na moja.
Msikitini sitini, ila ukikatiza uchochoro
kwa Ruhaga fundi baiskeli, hamsini na mbili.
Kwenye mashine ya kusaga sijui,
hesabu ilinipotea kwa sababu ya salamu,
na salamu ya Ujiji haina njia ya mkato:
wa nyumbani, na kazi, na wazazi, na joto hili je?

Mimi ninakaa Kitalu D, kule juu, palipopimwa.
Kila nyumba na ukuta wake,
kila ukuta na vigae vya chupa,
na barabara pana ambayo hata mbwa huivuka kwa mashaka.
Juzi tuliishiwa chumvi.
Chumvi ya Uvinza, ya shilingi mia tatu;
bodaboda, kwenda na kurudi, elfu mbili.
Mboga ilipofika mezani
tulikuwa tumeshashiba hasira.

Nani alichora Kitalu D?
Mimi. Kwa rula.
Mwaka ule nilijivunia pembe zake.

Basi kopo sikulifungua.
Niligeuza ramani upande mweupe
nikaanza kuchora nyumba kama zilivyosimama.
Sikuuliza humu mnauza nini, mnalala wapi.
Niliuliza mlango unatazama wapi.
Baraza lina kimo gani?
Cha goti, ili mzigo utuliwe bila kuinama.
Paa litoe ulimi kiasi gani
mvua ya Machi isimfikie mnunuzi?
Na uchochoro, upana wake?
“Jeneza na wabebaji wake,” alisema Ruhaga,
mikono imejaa grisi. “Baba alipita hapa.”
Hakuongeza neno. Nikaandika.
Ghorofa iwe moja tu, Bi Mwavita akadakia,
anayeitwa toka chini asikie bila simu.
“Kanuni yenu inaiuliza nyumba, una kazi gani?
Iulizeni, una adabu gani kwa wapitao.”

Ofisini, Bwana Gwasa aliitandika rasimu mezani.
Njano na nyekundu nilikuwa nimezichanganya
mtaa mzima, toka sokoni hadi makaburini.
“Rangi gani hii? Haimo kwenye ufunguo.”
Nikasema: mawese.
Hakucheka. Aliweka kikombe cha chai juu ya soko,
kikaacha duara.

Faili limelala, hii wiki ya sita.
Kopo liko chini ya meza yangu,
rangi imeota utando.

Nami Jumamosi nimetoboa ukuta wangu wa mbele,
tundu la upana wa dirisha,
kinyume cha kibali nilichokitia sahihi mwenyewe.
Mke wangu amepanga pale chumvi, viberiti,
nyanya mafungu manne.
Magharibi akaja jirani wa nyumba ya pili,
kwa miguu, na ndara,
hatua thelathini na tatu, nilizihesabu.
Alitaka kiberiti.
Anaitwa Bukuru.
Miaka saba.